Dada na Mizizi ya Nywele Zangu

Dada yangu akibandika sufuria lazima aifunue kila dakika. Shemeji anamwita Kiherehere, naye anaitika.

Sasa mtu wa hivyo kapata kazi maabara, na kazi yenyewe ni kusubiri. Anachukua nywele zilizong'olewa na mizizi yake, anailoweka mizizi kwenye dawa inayoilegeza, anailaza kwenye kisahani chenye maji kidogo ya kulisha seli. Kisahani kinaingia kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Mzizi ukitulia siku kadhaa unashika chini, seli zinaanza kutambaa nje. Hizo ndizo watafiti wanazitaka. Ukiutikisa unaelea, kwisha habari.

Yake yote ilielea. Mkuu wa maabara akamwambia, "Safari hii isiposhika, unarudi kuosha chupa." Kazi aliyoanzia hiyo, na hataki hata kuisikia.

Akaniita nikatoe nywele. Nikasaini, nikainama.

"Za kisogoni ndizo nzuri," akasema, kibano mkononi.

"Na mimi nibaki na nini?"

"Akili huna, nywele unazo. Toa ulichonacho."

Machozi yalinitoka, yeye anakagua mizizi tu. Akailaza, akafunga kabati. Sijamaliza kujikuna, kashalifungua tena.

"We Kiherehere!" mwenzake wa meza ya pili akaruka. "Si umefunga sasa hivi?"

"Naangalia tu kama imeshika. Hii dawa yao kali, inaua."

"Dawa gani? Kutwa unakitoa kisahani, unakipeleka kwenye hadubini, unakirudisha. Itashika saa ngapi, mama?"

Dada akatazama mikono yake.

"Kumbe ni mimi." Akamsukumia kisahani. "Kiweke wewe. Rafu gani, usiniambie. Nikiuliza, nitukane."

Siku hizo nyumbani hapakukalika. Alifua mapazia masafi, akahamisha kabati la vyombo, akalirudisha. Shemeji akahamia barazani na kiti chake.

Siku ya kuangalia akanivuta tuende wote. Mkuu ndiye aliyeinamia hadubini, akakawia mpaka dada akaanza kunifinya mkono.

"Seli zimetoka," akasema. "Zimeuzunguka mzizi kama watu wamezunguka ajali. Kesho anza na nywele za mtu mwingine, huyu kijana tumwache apumue."

Akainama kuangalia tena. Dada akawa ameshakikodolea macho kisogo cha mkuu.