Tangi Haliondoki Kabla ya Siku Saba

Aliyesimulia haya ni mke wa nahodha, Jumanne iliyopita asubuhi, akichambua mboga kizingitini kwake. Alisimulia bila papara, na kila anayetajwa humu, ila marehemu mmoja, yu hai, anaweza kuulizwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Faiba amechuchumaa chini ya mabati matatu nyuma ya nyumba yake. Mkononi ana bomba la sindano lisilo na sindano. Anavuta dawa ya kukausha, anaiinua kwenye mwanga, anatazama alama, kisha anaimimina kwenye gundi iliyo ndani ya kopo la rangi.

Akishakoroga, hamjibu mtu. Baada ya robo saa gundi itakuwa jiwe, na jiwe halipakwi kwa brashi.

Anatengeneza matangi ya mafuta ya boti ndogo. Tangi la dukani humla nahodha mapato ya miezi minne. La kwake halifikii hata mwezi mmoja. Nyuzi za kioo, ndiyo faiba yenyewe, huokota masalia yake kwenye gereji ya kunyoosha mabodi ya magari. Kiunzi ni vipande vya silingibodi, mbao za dari, vimesuguliwa nta ya sakafu ili faiba isigande. Ndani huweka vizuizi vyenye matundu, mafuta yasirushwe huku na huku boti ikiyumba.

Kazi aliifunzwa na marehemu mumewe, fundi wa mabodi. Alipofiwa, miaka sita sasa, watu walimwambia auze vifaa afungue genge. “Genge ningelifungua na nini?” anauliza. “Mimi nyanya sizijui. Naijua faiba.”

Ana sharti moja. Akikata tundu la mdomo wa tangi, kile kisahani kilichokatika hakitupi. Hukitia kwenye chupa ya petroli, akafunga, akakiacha siku saba. Kikitoka kigumu, tangi linaondoka. Kikilegea, tangi linakatwa kwa msumeno. Wateja wameipa chupa ile jina la mahakama, na tangi likichelewa husema kesi bado inasikilizwa.

Miezi miwili iliyopita nahodha, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitobokewa na tangi lake la chuma kwa kutu. Akaagiza jingine kwa Mama Faiba; boti ikalala zaidi ya wiki, na abiria wake wakaanza kuzoea boti za wenzake. Siku ya tano ya kesi akafika bandani, akamkosa fundi, akajibebea tangi. Mkewe alipomuuliza, akasema shemeji anapenda mahakama kuliko hakimu.

Mama Faiba aliporudi alimtumia ujumbe kwamba asilitie mafuta. Nahodha akajibu kwamba amesikia. Kusikia alisikia.

Asubuhi ya siku ya saba Mama Faiba alikitoa kisahani, akakibonyeza. Ukucha ukazama kama kwenye sabuni iliyoloa.

Hakuhitaji kuambiwa kosa. Siku aliyopaka, mvua ilikuwa ikinyesha na dawa ya kukausha ilikuwa ukingoni. “Nilipunguza ili itoshe tabaka la mwisho,” anasema. “Nilitaka kuidanganya gundi. Gundi haidanganyiki.”

Akatoka na kandambili zake, mwendo wa dakika ishirini hadi gatini. Alikuta abiria saba wameketi na nahodha anashika kamba ya injini. Tangi limejaa.

Angeweza kumvuta shemeji yake pembeni akamnong'oneza. Badala yake aliingia majini hadi magotini, akashika ukingo wa boti.

“Shemeji, usiwashe. Teremsha watu. Tangi ni bovu, na ubovu ni wangu.”

Nahodha alimwambia atamharibia jina mbele za watu. Akamjibu kwamba jina hujengwa upya, mtu akiungua hajengwi. Wakafunua ubao. Chini ya tangi palikuwa pamelowa na harufu ilipanda puani. Mama Faiba alipobonyeza ubavu wa tangi, kidole kiliacha shimo.

Abiria mmoja akaguna kwamba haya ndiyo mambo ya kumpa mwanamke kazi ya fundi. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na kapu lake akamgeukia.

“Fundi wako mwanamume angekuja mbio kukwambia?”



Mafuta yalinyonywa, tangi likakatwa vipande mchana huohuo, nahodha akitazama. Ili apate kopo jipya la dawa, Mama Faiba alipiga msasa basi zima kwenye gereji, siku mbili, hadi viganja vikachubuka. Akaanza upya, bila malipo.

Safari hii nahodha alikuwa akipita bandani kila asubuhi kuitazama chupa, kama mtu aliyelaza mgonjwa. Siku ya saba kisahani kilitoka, fundi akakigonga kwa kijiko, kikalia kama sahani ya udongo. Akamwambia shemeji yake abebe.

Nahodha akakigeuza, akakinusa, akakirudisha mwenyewe ndani ya chupa.

“Kiache siku moja zaidi, shemeji.”

Mama Faiba alicheka hadi akaketi chini.

Sasa anaweka akiba ya mabati manne na mlango, mvua isimpangie tena siku za kazi. Wanawake wawili wamemwomba awafundishe, mmojawapo ni yule mwenye kapu. Amekubali. “Ila wataanza na chupa,” anasema. “Brashi baadaye.”

Siku tangi lile lilipotoka, boti ilivuka na kurudi mara nne. Mama Faiba alingoja gatini hadi safari ya nne, akanusa chini ya ubao, akaenda nyumbani akajitupa kwenye mkeka saa tisa mchana, viatu miguuni.

Mke wa nahodha alishuka gatini na chakula. Alimkuta mumewe amejinyoosha sakafuni mwa boti, shati kaliviringisha mto, kichwa kakiegemeza kwenye tangi. Alimwita mara moja. Nahodha akasema anakuja, akajigeuza ubavu, akalala.