Fundi Irmeli na Umeme wa Jumamosi

Saa tatu asubuhi imeshapita na nje bado ni giza la Januari la kaskazini ya mbali, ambako jua huchelewa. Irmeli Huotari, fundi umeme, anavua viatu vya theluji mlangoni, anabaki na soksi za sufu, kisha anafungua boksi la fyuzi kwenye korido ya akina Tolonen, kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Kajaani.

Boksi ni la zamani. Fyuzi zake ni za kauri nyeupe, na juu yake pamewekwa kopo la kahawa lenye fyuzi za akiba.

"Hizo ni za mzee," anasema mwenye nyumba, Hilja, mwenye umri wa miaka 79. "Tangu alazwe nimemaliza nusu kopo. Kila Jumamosi nakaa gizani."

Mzee ni Veikko, mumewe, aliyelazwa tangu Oktoba kwa ugonjwa wa mapafu. Ameruhusiwa kurudi, ila lazima arudi na mashine ya oksijeni, na mashine hiyo haitakiwi kuzimika ovyo. Muuguzi alikuja, akalitazama boksi, akatikisa kichwa. Mpaka fundi athibitishe kwamba umeme ni salama, Veikko atabaki wodini.

Irmeli ana miaka 57. Alianzia kazi kwenye kiwanda cha karatasi, na kilipofungwa akarudi darasani akiwa mtu mzima, miwani puani, katikati ya vijana.

"Mwalimu alinihamishia kiti cha mbele bila kunicheka. Namshukuru mpaka leo," anasema. Mshahara wake baada ya kodi ni euro elfu mbili na ushee kwa mwezi. Haujamtajirisha, lakini umemalizia mkopo wa nyumba na kumsomesha binti yake.

Leo anakaa mezani na penseli, Hilja anamimina kahawa.

"Watu hudhani unajumlisha kila kitu kilichomo ndani," Irmeli anaeleza. "Ukifanya hivyo, kila nyumba itadai umeme wa hospitali. Kanuni inataka ujue vitu gani vinawaka pamoja. Sasa hilo huwezi kulisoma ukutani. Lazima umuulize mwenye nyumba."

Anamuuliza. "Jumamosi unawasha nini?"

"Hita za vyumbani. Jiko na oveni, maana naoka. Redio."

"Na nini tena?"

"Basi. Sisi watu wa kawaida."

Penseli inaandika kilowati kumi na tatu. Waya unaotoka kwenye nguzo unaweza kuleta kumi na saba. Hesabu inatosha kabisa, lakini fyuzi zinaungua kila wiki.

Irmeli anakunywa kikombe cha pili polepole. Kunaanza kupambazuka. Kupitia dirishani anaona njia iliyopigwa koleo vizuri kwenye theluji, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye kijumba. Kwenye msumari wa kijumba hicho limening'inia taulo, limeganda kama ubao.

"Hilja, kile ni nini?"

"Si ndiyo sauna ile."

"Ya kuni?"

"Ya umeme, tangu Veikko aumie mgongo."

"Nimekuuliza mara mbili unawasha nini."

"Umeuliza vifaa, mwanangu. Sauna si kifaa. Sauna ni sauna."

Irmeli anacheka hadi anaweka kikombe chini. Kilowati tisa nyingine, za kupasha moto chumba cha kuogea mvuke. Jumla ishirini na mbili.

"Basi niwekee fyuzi kubwa zaidi," anasema Hilja.

"Fyuzi itakaa kimya, halafu utaungua waya. Ukitaka umeme mkubwa lazima tufukie waya mnene, na ardhi imeganda mpaka Mei."

Hilja anafuta meza ambayo haina tone. "Mei ni mbali," anasema, "kwa mzee wangu, ana miaka themanini na tatu."

Irmeli anauliza mzee alikuwa anafanyaje fyuzi zisiungue. Wanampigia simu wodini.

"Kwani hita nani anazizima?" sauti nyembamba ya Veikko inauliza.

"Hita zizimwe kwa nini?" anasema Hilja.

"Kila Jumamosi kabla ya sauna napita chumba hadi chumba, nazima. Ukimaliza kuoga, nawasha. Kuta hazipoi kwa muda ule."

Hilja anaitazama simu. "Miaka yote hii nilidhani ni ubahili wako."

"Ubahili nao ulikuwepo."

Kanuni haikubali usalama unaotegemea mtu akumbuke kupita vyumbani. Kwa hiyo Irmeli anafunga boksi jipya lenye swichi inayojiendesha: sauna ikiwaka, hita zinapumzika, na sauna ikizimwa, zinarudi. Hapo mzigo haupiti kilowati kumi na nne na nusu, hata ukihesabu mashine ya oksijeni, ambayo ameipa saketi breka, yaani swichi ya usalama, yake peke yake, ili hitilafu ya oveni isiiguse.

"Wazo ni la Veikko. Mimi nimelitia ndani ya boksi tu," anasema.

Fundi ameshathibitisha umeme, na Jumamosi Veikko yuko nyumbani kitandani kwake, amefunikwa blanketi la bluu. Oveni inanukia mkate. Irmeli amesimama mbele ya boksi, Hilja anakwenda kuwasha sauna.

Tak.

Hita zinanyamaza. Mashine ya oksijeni inaendelea kuvuma.

"Mmesikia?" anasema Veikko. "Ndimi huyo, napita vyumbani."

Hilja amesharudi, yuko mlangoni na theluji mabegani. Anamshika fundi mikono yote miwili na haiachii upesi. Irmeli anaondoka na mkate wa moto uliofungwa kwenye taulo.

Kabla ya kustaafu anataka azimalize nyumba zote za barabara hii ya ziwani ambazo bado zina fyuzi za kauri. Jumatatu yuko kwa jirani. Mwenye nyumba anamfungulia na kumwambia asihangaike, wao hawana vitu vingi vya umeme.

Irmeli hajavua hata viatu. "Sauna yenu iko wapi?" anauliza.