Siku Jina Langu Lilipoimbwa Nikabaki Kitini

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata sasa ninapotafuta miwani iliyo kichwani kwangu. Ni siku jina langu lilipoimbwa jukwaani, ukumbi mzima ukanigeukia, nami nikabaki kitini. Watu walisema Zuhura ana kiburi. Waache waseme, wewe sikiliza kwanza.

Ilikuwa Brussels, miaka ya tisini. Mimi binti wa Tanga nilikwenda kusoma, nikapata kazi ya kuandika habari za muziki katika gazeti dogo la Kiingereza, ofisi yake juu ya ghala la mazulia kule Anderlecht. Mhariri wangu alikuwa Mwingereza, Bwana Ronnie, mzee wa nywele ndefu na sikio moja bovu. Spika za majukwaani ndizo zilizoliharibu. Ujanani alikuwa mwandishi wa muziki wa roki huko London, na mwenye jina hasa, akisafiri na mabendi basi moja na kula nao sahani moja.

Ukutani kwake ilitundikwa santuri ambayo hakuipiga kamwe. Nilipomuuliza, akanisimulia. Bendi moja ilimpeleka Marekani kwa ndege na kumlaza hoteli ya fahari, naye akaisifu santuri yao aliyoisikiliza nusu tu. Baadaye mama mmoja muuza samaki, aliyeinunua kwa kuyaamini maneno yake, alimvizia mlangoni mwa baa akamkabidhi: "Chukua wewe uliyeipenda." Tangu hapo Bwana Ronnie hakupokea hata soda ya mwanamuziki. Aliandika anachosikia. Akamwagiwa bia, akafukuzwa kazi wenye kampuni za santuri walipomchukia, akaishia Brussels na sisi. Hakujuta, na mpaka nilipomfahamu alikuwa bado anawatukana waliomfukuza.

Basi, mimi nilikuwa nimepanga chumba Koekelberg kwa Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza vikongwe. Nilifika kwake sina hata koti la baridi, akanivika la kwake. Kupanga ni kusema tu, maana nilikuwa mtoto wake. Na mtoto wa dada yake, Fiston, ndiye aliyekuwa na bendi iliyojaza kumbi zote karibu na Porte de Namur, mtaa wa Waafrika pale mjini. Mtego wenyewe ulikuwa hapo.

Nikatumwa kumsikiliza Fiston. Katikati ya wimbo mpiga gitaa akaukanyaga waya wake mwenyewe, ukachomoka, ukalala sakafuni, na gitaa likaendelea kulia! Kumbe ilikuwa kanda inayoimba, wao wanatikisa midomo tu. Na watu walikuwa wamesafiri toka Liège kuja kuwasikia. Nikaandika nilichokiona, jina langu likakaa chini yake.

Ee, moto uliwaka. Barabara ya mtaa ule, Chaussée d'Ixelles, ikawa haipitiki kwangu, wasusi wangu wakadai hawana nafasi. Walisema nimewavua nguo mbele ya wazungu. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, lakini nani angenisikiliza? Maman Furaha hakunigombeza. Alinipakulia ugali kimya kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi. Mwishowe akasema niandike kidogo tu kwamba nilikosea, la sivyo ukoo hautamwelewa akiendelea kunilaza. Damu nzito kuliko maji, hata mimi nalijua hilo.

Nikamwendea Bwana Ronnie nikilia, nikamwambia nataka kuomba radhi gazetini. Hakunibembeleza hata kidogo.

"Waya ulichomoka, au haukuchomoka?"

Nikasema ulichomoka. Akaniambia nifute machozi nirudi kazini, na kwamba onyesho lao lijalo tutakwenda wote, kwa tiketi tulizonunua wenyewe.

Tukaenda, Jumapili alasiri. Maman Furaha alivaa kitenge kipya, akaketi ubavuni mwangu. Sasa Fiston alikuwa mjanja. Kwao mwanamuziki hutaja majina ya watu ndani ya wimbo, na anayetajwa huinuka, hucheza mpaka jukwaani, akamtuza. Ukishamtuza mmeshakuwa kitu kimoja. Akaniimba: Zuhura wa Tanga, dada wa roho yetu. Akarudia, na kurudia tena. Mwanangu, mimi nimekulia kwenye taarabu! Jina langu likiitwa kwa sauti tamu namna ile, miguu huinuka yenyewe. Nilikishika kiti kwa mikono miwili.

Maman Furaha akaniinamia. "Simama, mutoto wangu. Banaita jina yako, na weye unaikala tu? Bon, cheza kidogo, mambo iishe."

"Maman," nikamjibu, "nikisimama leo, siku nikimsifu, nani ataniamini?"

Akageuza uso kuelekea jukwaani. Fiston aliniimba mpaka akachoka, akaachana nami. Bwana Ronnie, asiyeelewa hata neno moja, alikuwa amefumba macho, sikio lake zima kalielekeza jukwaani. Nikakumbuka kilichonileta, nami nikasikiliza.

Na wallahi walipiga! Safari hii waya zilikuwa zimechomekwa. Gitaa lilipotea njia kidogo likarudi, ngoma ikatikisa sakafu, Fiston akaimba mpaka shati likamganda mgongoni. Nikaandika hivyo hivyo, bila kufuta neno la awali: mara ile walitudanganya, mara hii ndiyo bendi bora niliyoisikia katika mji huu.

Jumamosi yake Fiston akaja Koekelberg, gazeti mkononi. Nilijua kaja kunifukuzisha, na nilishaanza kukunja nguo zangu. Akamwambia mama yake mdogo, "Maman, umuache. Bantu bote baliona hakusimama. Donc akisema tuko bazuri, banamwamini."

Maman Furaha akaingia jikoni, akapakua ugali. Siku hiyo alipakua huku akiongea, na hakunyamaza mpaka tulipolala.

Utaimbwa nawe, mwanangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe ukisifiwa utataka kusimama. Ukikosea, omba radhi hata kwa mtoto mdogo. Lakini kama waya ulichomoka, sema ulichomoka, na ulipochomekwa sema hivyo pia, hata kama mwenye gitaa hamsalimiani. Wakikuimba ili unyamaze, shika kiti. Mola akulinde masikio yako, akupe uti wa mgongo usiolegezwa na sauti tamu, na usiku ukirudi kwako ukikute chakula chako kimefunikwa.