Ng'ombe Waliolala Shambani Kwetu

Nikipita karibu na soko la mifugo la Garsen asubuhi baada ya mvua, harufu ya samadi mbichi hunisimamisha. Wenzangu huziba pua. Mimi huhisi uso ukiwaka, kana kwamba bado ni msichana mdogo kwenye benchi la kanisa kule Ngao, nikiomba ardhi ipasuke inimeze.

Shamba letu lilikuwa kando ya mto Tana. Zamani mto ulikuwa ukifurika mpaka kwetu, ukishuka unatuachia tope jeusi, na mahindi yanaota humo bila kubembelezwa. Kisha ikapita misimu mingi mto usifike. Mahindi yakadumaa, majani yakageuka zambarau. Mimi niliona rangi ile nzuri ajabu. Nilimchumia Mama jani moja kama ua. Alilitazama, akalikunja mkononi, akaingia shambani kukagua mahindi mengine.

Ni kona moja tu iliyonawiri, pale ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huko kwetu, walipozoea kusubiri zamu ya kunywa maji. Mahindi ya hapo yalikuwa ya kijani, marefu kunishinda. Mama ndiye aliyeiona tofauti hiyo.

Alikuwa na rafiki yake, Mama Hawo, Mworma aliyekuwa akituletea maziwa. Wakakubaliana wao wawili: tukishavuna, ng'ombe wa mumewe waje wale mabua, na walale shambani kwetu mpaka mvua zikaribie. Wao wapate malisho, sisi tupate samadi. Baba alikubali shingo upande. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu wa shati lililopigwa pasi, na sisi wakulima tulikuwa na ugomvi wa siku nyingi na wafugaji juu ya maji na malisho. Majirani walisema Mama amemkaribisha fisi zizini.

Ng'ombe wakaja. Kila asubuhi mimi na Mama tulisambaza samadi na kuifukia kwa jembe kabla jua halijaikausha, kisha nikakimbilia shule. Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, lakini wenzangu walikuwa wamekwisha kunibatiza.

"Samadi, umeamkaje?"

Alfajiri moja fahali akachomoka, akaingia kwa jirani yetu Mama Jilo na kula migomba yake michanga. Mama alikwenda kuomba radhi, amebeba mkungu wetu mzima wa ndizi. Mama Jilo alipokea ndizi. Radhi hakuipokea.

Jumapili, baada ya mahubiri, mzee wa kanisa alimtaka Baba aeleze habari za ng'ombe. Baba akasimama, akajikohoza.

"Ndugu zangu, mimi sikumwita ng'ombe yeyote. Ni huyu mke wangu. Wanawake si mnawajua?"

Kanisa zima likacheka. Mama hakuinamisha kichwa. Wimbo ulipoanza alisimama akaimba sauti ya pili, bila kukosea hata neno. Mimi niliinama. Nikaona samadi imekauka kwenye ukucha wa mguu wake, nikauweka mguu wangu juu yake ili watu wasiione.

Mvua zikanyesha. Mwaka ule mahindi yetu yalisimama mabichi kutoka ukingo wa mto mpaka njiani, na hatukununua unga hata siku moja. Baada ya mavuno, Mama Jilo alimtuma mwanawe aje aulize, kwa sauti ya chini, kama ng'ombe wangeweza kulala na kwao pia. Mama akasema ng'ombe na waende. Baba hakusimama tena kanisani kurekebisha maneno yake.

Nilipofika sekondari nilifundishwa kwamba zambarau ile ilikuwa njaa ya mmea, njaa ya fosforasi. Mto ulikuwa ukituletea fosforasi hiyo ndani ya tope. Ng'ombe naye huila kwenye nyasi na mabua, kisha huirudisha ardhini kwa samadi. Likizo nilimweleza Mama yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, kama amsikilizavyo mgeni. Nikapata ujasiri, nikamuuliza kama siku ile kanisani hakuona haya.

"Niliona," alisema. "Nilishika benchi ndipo nikaweza kusimama. Lakini mwanangu, njaa nayo ina haya zake."

Miaka yote nilidhani aibu yangu ilikuwa ya mavi ya ng'ombe, na ya Mama aliyeyabeba. Kumbe nilimwonea aibu Baba. Mtoto atalisemaje hilo? Nikaitupia ile aibu kwa Mama, maana yeye aliweza kuibeba.

Baba angali hai, amezeeka, na Mama humtilia chai ya kwanza. Siku ile ya kanisani Baba hajaitaja kamwe. Wageni wakija huwaonyesha shamba, huwaambia, "Haya ndiyo mahindi yangu," na Mama hutabasamu akiendelea na kazi yake. Mimi hushindwa kumtazama Baba usoni.