Mji wa Meru Alionionyesha Kendi

Mji wa Meru niliusikia kabla ya kuuona. Basi letu lilifika asubuhi ya ukungu, ule ukungu mzito unaoteremka kutoka mlimani na kulala juu ya mabati, na mimi, mtoto wa nyanda kavu za Mbeere, sikuwa nimewahi kuona hewa nyeupe namna ile. Nilishuka nikiwa nimemshika baba mkono, sioni mbali zaidi ya viatu vyangu, lakini masikio yalikuwa yamejaa. Upande mmoja gitaa la rumba lililia kutoka duka la santuri. Upande wa pili redio iliimba kwenye baraza la fundi cherehani. Na katikati yake wachukuzi wa mikokoteni, waliosukuma magunia ya viazi vya Kibirichia, walipiga mbinja kuufuata wimbo wowote uliokuwa karibu. Kwetu mwaka ule sauti zilikuwa zimepungua. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili mfululizo, mbuzi waliobaki hawakuwa na nguvu za kulia, na mama alikuwa amesema kwamba kinywa kimoja kikiondoka, vinavyobaki huenda vikapona. Ndiyo maana nililetwa kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Meru kisha akabaki mjane na binti mmoja.

Binti huyo aliitwa Kendi. Alinizidi mwaka mmoja, lakini mimi nilimzidi urefu kwa kichwa kizima. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mtu aliyetoka kula zambarau, na nilidhani kweli alikuwa amezila, hadi shangazi aliponieleza. Alipokuwa mdogo aliugua homa ya koo na viungo, homa ikaisha, ikamwachia moyo unaovuja. Shule alikuwa ameiacha kwa sababu ya mlima wa kwenda huko. Shangazi alikuwa na kibanda cha chakula karibu na soko la Gakoromone, akipika githeri ya mahindi na maharagwe, ndizi na uji wa wimbi tangu kucha hadi jioni, na hakuweza kuziacha sufuria zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nililopewa mimi lilikuwa Kendi: kila alasiri nitembee naye kidogo, maana daktari alitaka anyooshe miguu, na akichoka niwe naye.

Yeye aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. Kwake, mimi ndiye niliyepaswa kutembezwa. Kimeru chake na Kimbeere changu vilielewana nusunusu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha shule, na pale kilipokatika tulicheka.

"Mgeni wa hapa haanzi na kula," aliniambia siku ya kwanza. "Anaanza na masikio. Kwani huko kwenu hakuna muziki?"

"Kuna ngoma," nikasema. "Zamani. Kabla ya njaa."

"Basi kaa karibu na mimi."

Kendi hakuweza kutembea mwendo mrefu bila kupumzika, na kwa kuwa ilimlazimu kupumzika, alikuwa amechagua mahali pa kupumzikia kwa makini sana. Alinipeleka kwanza kwenye duka la santuri, ambako mwenye duka alikuwa ameweka benchi nje, na alimpa Kendi ruhusa ya kuchagua wimbo mmoja kila alipokuja. "Kaa upande wa kushoto," alinielekeza. "Kulia utasikia mlango ukigongagonga." Tulipita kwa fundi cherehani, ambaye mguu wake ulikanyaga cherehani sawasawa na mdundo wa redio, akipunguza mwendo nyimbo za dini zilipoanza, hata wateja wakalalamika kwamba Jumapili suruali hazimaliziki. Tulikaa chini ya madirisha ya shule ya sekondari iliyokuwa karibu wakati kwaya ilipojiandaa kwa tamasha, Kendi akitikisa kichwa kila mara sauti ya pili ilipokosea. Magari yaliyobeba miraa kutoka mji wa Maua yalipopita yakipiga honi kama yanakimbia moto, aliziba masikio yangu kwa viganja vyake viwili. "Hizi si za wageni," alisema, kisha akacheka, kisha akakohoa, na tukangoja kikohozi kiishe. Watu walitupita wakiwa na haraka zao. Kutangulia si kufika. Sijui mtu mwingine aliyefika katika mji ule kama alivyofika Kendi.

Palikuwa na mahali pamoja alipokuwa hajafika. Ng'ambo ya mto Kathita, juu ya mlima, ilikuwapo hoteli yenye bustani, na kila Jumamosi alasiri bendi ilipiga huko. Kendi aliipata kwa hisani ya upepo tu. "Nikisikia besi, sisikii gitaa," alisema. "Nikisikia gitaa, mwimbaji amepotea. Nataka siku moja niisikie yote kwa pamoja." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu mwingine anavyosema angependa kuona bahari.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Matembezi yakafupika, tukawa tunaishia kwa fundi, halafu kwenye benchi la santuri, halafu mlangoni mwa kibanda. Siku moja shangazi alifunga kibanda, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akampeleka hospitalini. Walirudi jioni. Shangazi akaanza kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Jumamosi iliyofuata upepo ulivuma kutoka ng'ambo, besi ikasikika, na Kendi akasema taratibu, "Mama, nataka kwenda."

Shangazi alimtazama, akanigeukia. "Wawira, utaweza kumbeba?"

"Kwetu nabeba mtungi kutoka mtoni, shangazi."

Akavua leso aliyojifunga kiunoni, akanifungia Kendi mgongoni kama mtoto mchanga.

"Mama! Watu wataniona!"

"Wakuone," shangazi alisema, na akakaza fundo.

Alikuwa mwepesi kuliko mtungi. Tulishuka hadi mtoni, tukavuka, tukapanda polepole, nami nikausikia moyo wake mgongoni mwangu, ukienda mbio, ukisita, ukirukia mbele, kama ngoma inayopigwa na mtu aliyesahau wimbo. Sikumwambia. Yeye alikuwa akinionyesha njia juu ya bega langu: kata hapa, pita pale, kuna jiwe. Langoni askari alituambia watoto hawaruhusiwi. Halafu akaiona miguu iliyoning'inia pande zangu mbili, akashusha sauti. "Zungukeni nyuma, karibu na jikoni," alisema. "Huko hakuna ukuta, ni ua wa michongoma tu."

Tuliketi kwenye nyasi nyuma ya jikoni, penye harufu ya vitunguu na moshi wa kuni. Mpishi mmoja alitoka kumwaga maji, akatuona, akarudi na bakuli la mchuzi, akaenda zake. Bendi ilikuwa hatua chache kutoka tulipokuwa, upande wa pili wa ua. Kendi alifumba macho. Mwanzoni alinitajia kila chombo, hiki besi, ile tarumbeta, sikiliza yule wa pili anavyomjibu wa kwanza. Kisha akasema, "Sasa acha ninyamaze," akakiegemeza kichwa chake begani mwangu. Mchuzi ulipoa. Tulipokuwa tukiondoka alinipa maagizo, kwa sauti ya mwenyeji anayeujua mji wake: "Ukirudi kwenu, waambie watu waje hapa. Lakini wasikae mbele. Mbele ni kelele. Waje huku nyuma."

Alifariki wiki iliyofuata, asubuhi, shangazi akiwa anakoroga uji. Mimi nilikuwa nimetumwa maji. Niliporudi watu walikuwa wamesimama nje ya kibanda, wanaume wamevua kofia. Hadi siku ya mazishi mwenye duka la santuri hakupiga wimbo hata mmoja, na wachukuzi walipofika kwenye kona yetu waliacha mbinja zao. Ndipo nilipousikia mji ule bila muziki, na ulinitisha kuliko ukame. Kaburini wanakwaya waliimba vizuri sana. Mvua ziliponyesha Mbeere, baba alikuja kunichukua.

Leo mimi ni mwalimu mjini Embu, na wageni wa kutoka mbali huniuliza wakifika Meru waende wapi. Huwaambia. Mji ule bado unapenda muziki, pengine kuliko zamani: spika ziko kila kona, wahubiri na wauza simu wanashindana, vijana wa bodaboda wamefunga redio kwenye pikipiki. Lakini zamani ilibidi usimame ili usikie wimbo hadi mwisho, na siku hizi kila mtu anatembea na wake masikioni. Sina haki ya kuwalaumu. Mimi mwenye moyo mzima nami hupita haraka.

Likizo iliyopita nilimtembelea shangazi. Ni mzee sasa, kibanda alikwisha kukiacha. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuizungumzia Jumamosi ile. Tulikuwa tukinywa chai aliposema, "Siku ile mlikaa wapi? Mimi kule sijawahi kufika." Nikamwambia nitampeleka. Tulivuka mto kwa teksi, kisha tukatembea kidogo, ameshika mkono wangu. Hoteli haipo, pamejengwa maduka, na palipokuwa na ua wa michongoma pana kibanda cha vifaa vya simu.

"Hapa," nikasema.

Alitazama chini muda mrefu, kana kwamba nyasi zingekuwa bado zimelala. "Daktari aliniambia wiki ile kwamba hakuna zaidi la kufanya," alisema. "Ndiyo maana niliwafungia leso. Alichoka sana?"

"Mimi ndiye niliyechoka, shangazi. Yeye alisikiliza."

Alitikisa kichwa taratibu, kuafiki. Kijana wa kibanda, bila kuulizwa, alimletea kiti. Spika yake ilikuwa ikipiga wimbo wa siku hizi, ambao sote wawili hatukuujua. Mawingu yalikuwa yakishuka, nami nikamwambia twende kabla mvua haijatukuta. Shangazi akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huu uishe."