Kigingi cha Nyuma ya Jiko

Tangu tumzike kaka yangu, sikai mahali pamoja. Nikiketi nainuka, nikifagia naacha ufagio katikati ya uwanja. Nyumbani wananiambia nimwachie Mungu. Namwachia, asubuhi na jioni, kwa maneno yote ninayoyajua, kisha najikuta nimesimama tena mlangoni kama anayengoja mgeni. Labda ni damu tu. Yeye naye hakujua kutulia. Mama alikuwa akisema huyu alimzaa akiwa ameshavaa viatu.

Kazi yake ilimfaa. Alitembea na mashine ya kutambua chuma, akiwatafutia watu walichopoteza ardhini: pete, funguo, mifuniko ya mabomba iliyofukiwa. Mtaani walimwita Sumaku. Mashine yenyewe ni fimbo yenye kisanduku cha sauti juu, na chini duara ambalo yeye aliliita koili. Alikuwa nazo mbili, moja pana kama sinia, nyingine ndogo kama kisosi cha kikombe. Ile ndogo nilidhani ni ya kuchezea.

Jirani yetu, fundi cherehani, alitaka kujenga ukuta wa matofali kati ya viwanja vyetu. Akadai uzio wa mabati aliousimamisha marehemu baba umeingia kwake. Mama akasema mabati yamesimama palepale penye mpaka. Kigingi cha chuma cha wapimaji, cha upande wa barabarani, kilionekana na kila mtu. Cha nyuma kilikuwa kimefukiwa, hakuna aliyejua kilipo.

"Mwanangu atakitafuta," mama alisema. "Kitakapoonekana, ndipo ukuta utakapopita."

"Mwanao? Si atakiona kule unakokitaka wewe?"

"Basi simama umkodolee macho, shoga yangu. Usipepese."

Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nao, kwa sababu jiko letu lilikaribia kugusa mabati yale. Kati ya viwili hivyo palibaki upenyo wa mtu kupita kiubavu. Kigingi kikionekana upande wetu, jiko litakatwa. Baba alilijenga kwa mikono yake, na humo mama alishinda kutwa akizungumza na sufuria zake na Mola wake.

Siku hiyo waashi walikuwa wameshaanza kuchanganya saruji. Kaka alikuja mbiombio, akafunga ile koili kubwa, maana huzama chini zaidi, naye aliamini kigingi cha miaka mingi hakiwezi kuwa juujuu. Alipofika tu kwenye pembe ya jiko, mashine ikaanza kulia na haikunyamaza.

"Mnyonyeshe huyo," fundi cherehani alisema. "Ana njaa."

Waashi wakacheka. Kaka akaiinua, akaishusha, akarudi nyuma, akasogea tena. Kwenye upenyo koili haikuweza hata kugeuka. Iligonga ukuta huku, mabati kule, na kelele ikazidi. Akaingia ndani kwa kishindo, akaketi, akasimama, akaanza kufungua skrubu.

"Nimekosea," aliniambia. "Kubwa inaona mbali, na hapa hicho ndicho kibaya. Kabla haijaona cha ardhini, imeshayaona mabati."

"Na hiyo ndogo itafika chini?"

"Haitafika. Nitaishushia ardhi. Leta ndoo."

Tukaingia kwenye upenyo, yeye mbele na mwiko, mimi nyuma na ndoo, tukikwangua udongo na kuutoa. Kisha akapunguza ukali wa mashine, akaipitisha ile ndogo polepole, sambamba na mabati, bila kuielekeza kwayo hata mara moja. Alisema ukikaa umbali uleule, mabati huguna tu, hayapigi kelele. Tulipata kizibo cha soda. Tukapata bawaba iliyoliwa na kutu. Nje mama alikuwa anasali kwa midomo tu.

Halafu ukatoka mlio mfupi, safi. Ulitoka mguuni pa ukuta wa jiko, upande wetu.

Kaka akapitisha tena, safari hii kwa kukingama. Mlio uleule.

"Msumari huo," mama alisema taratibu kutoka mdomoni mwa upenyo. "Baba yako alimwaga misumari mingi hapo."

Kaka alihamishia uzito mguu huu, akauhamishia ule, nikaona jinsi anavyotamani kutoka mle mbio asirudi. Nilimwomba Mungu uwe msumari.

"Vipi huko, Sumaku?" fundi cherehani aliita. "Umepata, au umesinzia?"

"Lete kamba," kaka alisema, akaanza kuchimba.

Kilikuwa kigingi, na alama ya wapimaji kichwani. Tulipovuta kamba hadi kile cha barabarani, ilikata jiko kwa mshazari, na ukuta wenye rafu za sufuria ukabaki upande wa jirani.

"Basi... si tutaupinda ukuta hapo kidogo," alisema fundi cherehani, yeye aliyeshinda.

"Haupindwi," mama alijibu. "Nilisema kitakapoonekana."

Akaingia jikoni, akaanza kutoa sufuria moja moja, akizibamiza chini. Kaka alisimama na nyundo, akizunguka palepale aliposimama, na mama alimpita kila mara bila kumtazama. Sufuria ya mwisho ilipotoka, akafuta mikono.

"Anza wewe. Hao waashi wataniulia jiko zima."

"Mama, mimi..."

"Piga, mwanangu. Na jipya ulijenge upande ule wenye kivuli. Miaka yote humu jua limenichoma, nikashindwa kumwambia baba yako."

Kaka akapiga. Tofali la kwanza lilitoka zima. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaenda kuliweka kivulini.