Picha ya Deo imepatikana

Deo ametutoka Jumanne, ugonjwa wa siku tatu tu, na mpaka leo nashika simu nimpigie yeye mwenyewe nimwambie kuwa Deo amefariki. Jamani!

Kwa msiomjua, ndiye aliyenifundisha kazi ya picha. Tulikuwa sote studio moja hapa Majengo, miaka sita.

Alikuwa wa kwanza kati yetu kuacha kamera kubwa na kununua mirrorless, kamera ndogo nyepesi inayoingia mfuko wa koti. Nilimcheka wiki nzima.

Wateja nao hawakuiamini. Bibi harusi mmoja wa Katandala alimuuliza, "Kaka, kamera yenyewe umeiacha nyumbani?" Tangu siku hiyo Deo akawa anaenda harusini na ile kubwa shingoni, haina hata betri, ili watu watulie. Kazi anapiga na ndogo.

Hiyo ndogo haikumtoka mwilini. Kwenda kununua mkaa, anayo. Kwenda Kipili ziwani kula samaki, migebuka, anayo. "Nzito ungeiacha nyumbani," alikuwa akiniambia.

Sasa juzi tunapanga mazishi, mama yake akaniita pembeni. "Mwanangu, picha ya kutangulia mbele ya jeneza iko wapi?"

Mtu kapiga picha nusu ya mji, yeye hana hata moja! Kwenye simu zetu zote ni mgongo wake, au uso umefichwa na kamera.

Halafu nikakumbuka kitu. Wiki iliyopita aliniazima hiyo ndogo nikapige kipaimara, na sisi studio kabla ya kazi tunafomati kadi ya kamera, tunafuta vyote bila hata kutazama. Kama picha yake ilikuwa humo, nimeifuta mimi. Sikuthubutu kumwambia mama.

Asubuhi nikapekua begi la Deo. Kwenye kimfuko cha pembeni nikakuta kadi nyingine, imefungwa kwa karatasi: "Za mama. Usiguse." Aliitoa kabla ya kuniazima kamera. Alinijua vizuri huyu mtu!

Ndani ni mavuno ya ulezi, shambani kwao. Mama anavuna, mama anafuta jasho, mama anamfukuza asimpige picha. Na moja tu ya Deo, kofia upande, meno yote nje. Kidole cha mtu kimeziba kona.

Nilipomwonyesha mama, alikaa chini. "Hii nilipiga mimi. Alinipa akasema bonyeza hapa, mama. Nikajua ananitania, kitu chenyewe chepesi vile."

Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikala chakula nikakimaliza.

Wakati wa kuichapa nilitaka kukiondoa kile kidole. Mama akanishika mkono. "Kiache. Ni mimi nilikuwa naye."

Leo imetangulia mbele yako, kaka, na kidole cha mama humo humo. Katika picha zote zilizotoka studio kwetu, sijaona nzuri kama hiyo. Usingizi mwema, Deo.